Ukosi Uliopigwa Pasi

Kwa siku arobaini na mbili hakuna taa nyekundu iliyowaka katika ubao wa Kombania A, nami niliamini kwamba mimi ndiye niliyezizima.

Asubuhi ya siku ya arobaini na tatu, ambayo ilikuwa Jumatano, nilisimama chini ya Mnara wa Saba, mikono nimeifunga nyuma, nikitazama maji yakishuka. Nyavu za mnara zilikuwa zimevuna umande tangu machweo, na sasa umande huo ulitiririka katika mifereji ya bati hadi kwenye matangi mawili yaliyo mbele ya lango. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu mto ukauke. Mtu wa nyanda zile alikunywa kutoka kwenye nyavu hizo au hakunywa kabisa, na kwa sababu hiyo watu elfu nne walikuwa wamekwisha kupanga foleni na ndoo zao. Kamba moja iliigawa foleni. Upande wa kulia ulilindwa na Kombania A, iliyokuwa yangu. Upande wa kushoto ulilindwa na Kombania B, ya Kapteni Tulalumba Ngailo.

Askari aliyewekwa kati ya mtu mwenye kiu na maji hujaribiwa kuliko askari aliye vitani. Aweza kupendelea, aweza kupiga, aweza kumwita binti wa watu pembeni. Mwaka uliotangulia, askari wa kikosi tulichokipokea zamu walimvunja mzee mkono kwa ajili ya ndoo moja, na kabla jua halijatua minara miwili ilikuwa imechomwa moto. Ndipo Ukosi wa Utulivu ulipoletwa.

Mbele yangu Praiveti Osmundi Haule alimzuia mama mmoja wa makamo aliyekuwa amerudi kwenye foleni kwa mara ya pili. Haule ni mtu mrefu, mzito wa mabega, ambaye kabla ya mwaka huo alikuwa amelala mahabusu mara mbili kwa kupigana. Mama yule hakubishana. Aliweka ndoo chini, akamzaba kofi lililosikika hadi kwenye matangi.

Haule alirudi nyuma hatua mbili, akaitupa bunduki mgongoni.

"Mama," alisema, "umenipiga, nami nimepigika. Lakini ndoo hii ni zamu ya aliye nyuma yako."

"Mama Tuponile," mzee mmoja aliita kutoka mbali, "umepiga ukuta. Pole ya mkono."

Watu wakacheka, na mama mwenyewe akacheka, akaondoka na ndoo yake tupu. Mimi niligeuka kuelekea upande wa pili wa kamba, maana nilitaka Kapteni Ngailo aone uso wangu wakati ule.

"Umeona, Kapteni?"

"Nimeona, Afande. Kijana amejitahidi."

"Ukosi umejitahidi."

Alimtazama Haule shingoni, kisha akanitazama mimi shingoni, mahali ambapo hapakuwa na ukosi wa namna ile, kwa sababu maofisa hatukuvaa.

"Basi leo chai yake apewe ukosi, Afande," alisema, na askari wake wawili wakainamisha nyuso zao kuficha meno.

*

Ni lazima nieleze ukosi ulivyofanya kazi. Ndani ya ukosi wa gwanda zilishonwa nyuzi nyembamba zilizosoma damu na pumzi ya mvaaji. Hasira ilipomjia mtu kwa kiasi cha kuinua mkono, nyuzi zilimwagia kisogo chake baridi kali, na mikono yake ikalegea kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi na mbili. Wakati huohuo taa nyekundu iliwaka kando ya jina lake katika ubao ulioko mesi, na ilibaki ikiwaka siku tatu. Hapakuwa na ufunguo wa kuizima. Mkuu wa kombania aliusoma ubao asubuhi na kujua nani wa kukaripiwa.

Mimi ndiye niliyekiombea kikosi chetu ukosi huo. Kamati ya Makao Makuu ilikubali kwa sharti kwamba kombania moja ivae na nyingine isivae, kwa miezi sita, ili tofauti ionekane. Siku ya Alhamisi Kamati ingekuja kutoa hukumu. Ikiwa ukosi ungeshinda, kombania zote zingevishwa, na kiti cha mkuu wa kikosi, ambacho Kanali wetu alikuwa akikiacha kwa umri, kingekuwa changu. Kapteni Ngailo alikuwa ameandika barua kwamba hataongoza watu waliofungwa shingo. Barua hiyo ingempeleka ofisi ya stoo hadi mwisho wa utumishi wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja jeshini, yeye tisa. Nililelewa katika shule ya bweni ya masista ambako vitanda vilinyooshwa kwa uzi, na sikuwahi kuona aibu kudai kwa askari kile nilichodaiwa mimi nikiwa mtoto. Askari wangu walisimama nilipopita. Askari wake pia walisimama, lakini walianza kusimama kabla hajawatazama, na jambo hilo dogo lilinikosesha raha kwa miezi mitano. Nilijua saa anazokula. Alikula wa mwisho, baada ya mpishi, na alichokula ni ukoko uliobaki katika sufuria, akiukwangua kwa kijiko chake mwenyewe. Nilisema mesi kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

*

Kutoka mnarani nilikwenda moja kwa moja kwenye hanga la Kombania A, nikamwambia Sajini Meja Ignasi Komba anipe gwanda la pili la Haule. Nilitaka kuiwekea Kamati mezani ukosi uliozuia ngumi ya mtu yule.

Komba alinipa gwanda, nalo lilikuwa safi, limetiwa wanga wa muhogo, mikunjo yake ikiwa mikali kama ukingo wa bati. Niligeuza ukosi. Upande wa ndani, juu ya nyuzi, palikuwa na doa la kahawia lenye umbo la ncha ya pasi.

"Komba, hiki ni nini?"

"Alama ya pasi, Afande."

"Nani alitoa ruhusa ya kupiga pasi ukosi?"

Komba alitazama dari. Ni mtu wa Songea, mwenye mvi, aliyenizidi umri kwa mwaka mmoja, na anapotazama dari hujua anachokisema. "Amri ya kombania namba kumi na nne, Afande. 'Kwa gwaride, ukosi usimame kama ubao.' Saini yako iko chini yake."

Niliikumbuka amri. Nilikumbuka pia kitabu cha maelekezo kilichokuja na makasha. Kurasa zake za mwisho zilihusu ufuaji, nami nikaziruka kwa kuwa niliona ni mambo ya madobi.

"Joto limeua nyuzi ngapi?"

"Zote, Afande. Tulipiga pasi kombania nzima Jumanne ile. Ulipita ukatuambia tuongeze mkaa."

Nilikaa juu ya kitanda cha Haule, jambo ambalo nisingemruhusu askari yeyote kulifanya mchana. Uzi uliokufa hauna cha kupeleka kwenye ubao. Taa zangu hazikuzimwa na nidhamu.

"Askari wamejua lini?"

"Jumapili yake. Haule na Mwinuka waligombania kitanda cha dirishani, shingo zikawa kimya. Wakatazamana."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Walinituma mimi, Afande. Nilikuja ofisini nikakukuta unaandika ripoti. Kabla sijafungua kinywa ulisema, 'Komba, utazame ubao, hii ndiyo nidhamu.' Nikasema ndiyo, Afande. Nikarudi."

Nje, zamu ya mchana ilikuwa ikipanga mistari. Niliwasikia wakihesabu kwa sauti, bila kosa.

"Basi kwa siku arobaini na mbili ni nini kilichowashika?"

"Unataka jibu la ripoti, Afande, au la askari?"

"La askari."

"Ukoko."

Nilimwambia aseme vizuri.

"Wiki ile ulipoitwa Makao Makuu siku nne," alisema Komba, "mpishi wetu aliunguza ugali siku mbili mfululizo. Siku ya pili vijana walizifunika sahani chini juu, wote mia na ishirini, wakakaa. Unajua maana yake, Afande. Kutoka hapo hadi uasi ni hatua moja. Niliwakemea, wakanitazama tu. Kapteni Ngailo akavuka uwanja. Aliketi, akaivuta sufuria, akala ule ukoko mweusi mpaka chini. Ulimchukua nusu saa. Alipomaliza akasema, 'Kesho mtakuwa mnarani saa kumi na moja, na watu wana kiu.' Haule akaigeuza sahani yake. Wengine wakafuata."

"Nusu saa."

"Ulikuwa mgumu, Afande. Tangu hapo huja kila Jumatano, wewe ukiwa katika kikao cha Kanali."

Mtu akiambiwa kwamba mwingine huketi mezani pake asipokuwepo, haulizi kwanza alikula nini.

"Wanacheka?" niliuliza.

Komba aliona haya kwa niaba yangu. "Kidogo, Afande."

Kisha, kwa kuwa ni askari mwema na hakutaka niaibike, aliniambia kwamba stoo kuna kosi mpya za kutosha kombania nzima, na kwamba mafundi wanne wangeweza kuzishona zote kabla ya asubuhi. Mmoja ulikwisha kuandikishwa kwenye ubao kwa jina la Haule.

"Niletee huo kwanza," nilisema. "Nataka kujua kama unafanya kazi."

*

Niliufunga ukosi wa Haule shingoni mwangu kwa pini mbili, nikavaa skafu juu yake, na saa saba mchana, badala ya kwenda kikaoni kwa Kanali, nilisimama katika ghala la kuni lililo nyuma ya jiko la Kombania A. Ghala hilo lina dirisha dogo la kutolea moshi. Nilijiambia kwamba ninakagua jiko.

Kapteni Ngailo alikuja kama Komba alivyosema. Alingoja mpaka wa mwisho akapakuliwa, kisha akaketi kwenye gogo na kuivuta sufuria kati ya magoti yake. Askari wangu walikuwa wamemzunguka, wengine wamesimama na sahani mkononi, nami niliona nyuso ambazo sikuwahi kuoneshwa. Mwinuka, ambaye kwangu ni "ndiyo, Afande" na "hapana, Afande", alikuwa akieleza habari za ng'ombe wa baba yake aliyeingia kanisani.

Haule alisimama. Alifunga mikono nyuma, akainua kidevu, akatembea hatua sita kwa miguu mikavu, na sauti aliyoitoa ilikuwa yangu hasa. "Ukosi usimame kama ubao! Ongeza mkaa!"

Walicheka wote. Kapteni hakucheka.

"Haule, keti," alisema, akiendelea kukwangua. "Huyo ni mkuu wako. Ukitaka kumcheka, mcheke akiwepo, aweze kukujibu."

"Akiwepo hachekeki, Afande."

"Basi mngoje. Amewafanya muwe safi kuliko watu wangu, na watu wa foleni wameona. Hilo hukulifanya wewe."

Laiti angenitukana ningestahimili. Alinitetea, chakula changu kikiwa mdomoni mwake, mbele ya askari wangu, nao wakakubali kwa vichwa kwa sababu ni yeye aliyesema. Nilikuwa nimekwisha kushika kitasa cha mlango. Ningeingia, ningemfukuza jikoni kwa sauti ya gwaride, na Haule ningempeleka mahabusu kwa siku saba. Maneno yote yalikuwa tayari.

Ndipo baridi iliponipata kisogoni. Ilishuka kama maji ya kisima katika uti wa mgongo, vidole vyangu vikakiachia kitasa, na mikono ikaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Nilihesabu, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Moja. Mbili. Kwenye kumi na mbili mikono ilinirudia. Wivu haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umekaa palepale ulipokuwa, umepumzika, una nguvu mpya.

Nikakumbuka ubao.

Nilikwenda mesi kwa haraka isiyomfaa ofisa. Katikati ya majina mia na ishirini yasiyo na taa, moja lilikuwa likiwaka nyekundu: HAULE, O. Saa saba na dakika thelathini na nne.

Komba alinikuta nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Aliisoma taa, akaisoma skafu yangu.

"Ana mahabusu mbili, Afande. Hii ni ya tatu. Kamati itamwondoa jeshini."

"Najua."

"Nao wakijua ni wewe, watauliza kwa nini ulivaa."

"Najua, Komba."

Nilijua na jingine ambalo yeye hakulisema. Taa moja katika siku arobaini na tatu ilikuwa nzuri kuliko ubao mtupu. Ubao mtupu huzua maswali; taa moja huthibitisha kwamba chombo kiko hai. Kama ningezishona kosi mpya na kunyamaza, taa ile ingekuwa shahidi wangu bora. Ingenigharimu Haule tu. Mlango wa stoo nilikuwa na ufunguo wake, na jioni nzima ulikaa mfukoni mwangu nikiugusa.

*

Kamati iliketi mesi Alhamisi saa tatu asubuhi, watu watatu, mbele yao Brigedia Zuhura Mshihiri, mama mkavu mwenye miwani, ambaye inasemekana hajawahi kurudia swali. Kapteni Ngailo aliketi nyuma. Ripoti yangu ilisomwa, ikasifiwa. Kisha Brigedia akageuza kiti, akautazama ubao.

"Taa moja. Aitwe huyo."

Haule aliingia, akapiga saluti, akasimama katikati ya sakafu.

"Praiveti, jana saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Jikoni, Afande, nakula."

"Ulimkasirikia nani?"

Haule hakuwa na hasira na mtu saa ile. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Shingoni mwake alikuwa na uzi uliokufa, naye alijua. Lilikuwepo neno moja la kusema, kwamba kosi zetu zimeungua kwa amri ya Meja, naye angetoka mlangoni akiwa huru.

"Kama taa inasema nilikasirika, Afande," alisema Haule, "basi nilikasirika."

Nilimtazama Kapteni Ngailo. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililojiuliza halikuwa namna ya kumwokoa mtu yule. Nilijiuliza kama Haule ananilinda kwa ajili yangu au kwa sababu Kapteni ndiye aliyemfundisha.

Nilisimama. Nilifungua skafu, nikachomoa zile pini mbili, nikauweka ukosi mezani mbele ya Brigedia.

"Taa ni yangu, Afande."

Brigedia aliugeuza ukosi kwa kalamu. "Ulimkasirikia nani, Meja?"

"Kapteni Ngailo, Afande."

"Kwa kosa gani?"

"Alikula ukoko wa kombania yangu."

Mjumbe wa kushoto alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Nikaeleza yote: gwaride, wanga, mkaa, kurasa za madobi, sahani zilizofunikwa, ghala la kuni. Nilipofika kwenye kitasa cha mlango nilieleza na hilo.

"Kwa hiyo, Meja, unaniambia nini juu ya ukosi huu?"

"Kwamba ulinishika mkono, Afande. Na kwamba askari wangu hawakushikwa na kitu, kwa siku arobaini na tatu."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo, Afande. Ufunguo wa stoo ninao." Nikautoa, nikauweka kando ya ukosi.

Aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alisema kwamba makasha yarudishwe yalikotoka, kwamba mimi nitapewa barua ya karipio, na kwamba Kapteni Ngailo atakishika kikosi mpaka atakapoteuliwa rasmi.

Nje, kwenye ngazi, nilimpigia Kapteni Ngailo saluti. Niliipiga vizuri, kwa maana hiyo najua.

"Afande," alianza kusema, kwa mazoea, kisha akajisahihisha. "Meja." Lilimuuma kidogo kulisema, mimi liliniuma zaidi. "Kombania A ni yako. Leo si Jumatano. Sitakuja."

Saa saba nilikwenda jikoni. Niliketi kwenye gogo mpaka mpishi mwenyewe akamaliza, kisha Komba, bila kuulizwa, akanipa kijiko. Ukoko wa siku ile haukuwa mbaya, ila ulikuwa mkavu na ulishikamana na sufuria kwa ukaidi. Nilikwangua, nikala. Baada ya vipande vitatu niliinua macho kuona ni nani anayenitazama. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wakila, wakizungumza habari za ng'ombe yule wa kanisani.

Kutoka ng'ambo ya uwanja, katika jiko la Kombania B, kikaja kicheko kikubwa, na ndani yake niliitambua sauti ya Kapteni Ngailo. Nilishika kijiko, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika tisa, mkono mpana ulipita juu ya sufuria yangu.

"Samahani, Afande," alisema Haule. "Chumvi."

Nikampa chumvi, nikaanza kuhesabu upya.